Kurudisha Muda Nyuma Mbele ya Shangazi

Mchezo wa hadithi wenye machaguo ni mchezo wa simu ambamo hadithi husimama kila ifikapo njia panda, mchezaji akaulizwa mhusika mkuu atende lipi kati ya mambo mawili au matatu, kisha hadithi ikafuata jibu lake hata kama ni jibu la kipuuzi. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko simu zenyewe, kwani mwaka 1979 Mmarekani Edward Packard alikwisha kuchapisha The Cave of Time, kitabu cha watoto kinachomwingiza msomaji katika pango la kutokea zama nyingine na kumwachia aamue afunue ukurasa upi. Kwa upande wa simu, mfano unaojulikana sana ni Life Is Strange, kazi ya kampuni ya Kifaransa iitwayo Dontnod, iliyotoka mwaka 2015 na kuingia katika simu za Android mwaka 2018.

Mhusika wake mkuu ni Max Caulfield, msichana anayesomea upigaji picha katika mji wa kubuni wa Arcadia Bay, jimboni Oregon, Marekani, ambaye anagundua kwamba anaweza kurudisha muda nyuma kidogo na kutenda upya alilolitenda vibaya. Uwezo huo una kanuni mbili: muda ukirudi, watu wengine wote husahau yaliyotokea ilhali Max peke yake anayakumbuka, na kitu chochote alichokwisha kukitia mkobani hubaki naye. Kwa hiyo anaweza kumwuliza mtu swali, akasikia jibu, akarudisha muda, kisha akamwendea mtu yuleyule akiwa mjuzi wa jambo ambalo hajaambiwa. Ni kanuni nzuri, na Oregon zimefaulu.

Katika Ijumbi, kata ya Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, kanuni hizo hupata taabu kidogo. Huko nyumba hukaa ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka pande zote, jirani mara nyingi ni ndugu, na utaratibu wa kumbukumbu umepinduliwa: mtenda jambo ndiye anayesahau, na wengine wote ndio wanaokumbuka. Kijana aliyekataa kumpokea mgeni mzigo akiwa darasa la nne atasimuliwa kisa hicho siku ya kuposa, tena na mtu ambaye hakuwapo. Ndiyo maana kijana wa namna hiyo, akiketi kucheza mchezo unaomwahidi kwamba kosa litafutika na hakuna atakayelijua, huwa amejinunulia ndoto kamili kwa bei ya bando, na ndiyo maana pia shangazi anayemenya ndizi nyuma yake huiharibu ndoto hiyo bila hata kukusudia. Mchezaji akichagua Max amfiche jambo mkuu wa shule, kisha akarudisha muda ili aliseme, mkuu wa shule husahau kama alivyopangiwa na waundaji wa mchezo, lakini shangazi hasahau, naye hutoa taarifa jikoni kwamba mtoto huyu ana ndimi mbili.

Si haki kumlaumu. Shangazi amekulia katika nchi ya enanga, ala ya nyuzi ambayo msanii wa Kihaya huipiga huku akighani tendi za mashujaa, tendi ambazo M. M. Mulokozi alizichunguza kwa kina katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, na katika utanzu huo hadhira huitikia na kusisimka, ila haiombwi maoni kuhusu shujaa afe au apone.

Mwishoni mwa kila sehemu, na sehemu ziko 5, mchezo huonyesha ni asilimia ngapi ya wachezaji duniani waliochagua kama mchezaji huyu. Yaelekea waundaji walidhani kwamba atakayejikuta katika kundi dogo ataona upweke na kujihoji. Hawakuwa wamekutana na nshomile, jina la utani la Mhaya msomi, au anayejihesabu msomi, ambaye akijikuta katika kundi dogo huchukulia kwamba dunia nzima imefeli mtihani.

Ajali za kimwili nazo zina nafasi yake. Ifikapo Novemba, msimu wa senene, yaani panzi waliwao ambao huruka usiku kwa makundi na kuufuata mwanga, na umeme ukikatika katika mkoa ambao kwa miaka mingi uliupata kutoka ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, kioo cha simu huwa ndiyo taa pekee ya uwanja, na senene hutua juu yake bila kujali hadithi imefika wapi. Mchezaji humfagia kwa kidole, kidole hugusa jibu ambalo halikukusudiwa, na Max hujikuta amemtolea maneno makali mtu aliyekuwa akimfariji. Hapa kurudisha muda kuna manufaa ya kweli, ingawa ni ya upande mmoja, kwa sababu maneno hurudi kinywani lakini senene harudi angani: amekwisha kutiwa ndooni na mtoto aliyekuwa akingoja hilo tu, na ile kanuni ya mkoba wa Max hutekelezwa katika ndoo hiyo kwa ukamilifu ambao Oregon hawajaufikia.

Mkasa mzito zaidi ni wa picha. Hadithi ikiendelea, Max anagundua kwamba akiikazia macho picha ya zamani anaweza kuingia ndani yake, na kwa njia hiyo anarudi mwaka 2008 na kuficha funguo za gari ili baba wa rafiki yake Chloe asitoke kwenda kukutana na ajali iliyomwua. Baba anapona, lakini katika maisha hayo mapya ni Chloe mwenyewe aliyepata ajali na kupooza. Habari hii ikitafsiriwa kwa Kihaya sebuleni, chini ya picha za kipaimara na za arusi zilizojaa ukutani, wasikilizaji hawajishughulishi na fumbo la majaliwa. Huuliza kwa nini baba huyo hakwenda kwa miguu. Kisha macho hupanda ukutani, na kila mmoja huanza kutaja picha ambayo angeingia na jambo ambalo angelizuia. Bibi huchagua picha ya arusi yake mwenyewe, babu akiwa amekaa papo hapo, na mchezo hulazimika kusimama kwa muda.

Uamuzi wa mwisho humtaka mchezaji amwokoe Chloe au auokoe mji mzima na kimbunga. Mtu aliye peke yake huamua kwa chozi moja. Baraza la familia huuliza kwanza Chloe ni mtoto wa ukoo gani, na kama suala la kimbunga limekwisha kufikishwa kwa Mugasha, ambaye katika imani ya jadi ya Wahaya ndiye mwenye ziwa na dhoruba zake. Shangazi husimama upande wa mji. Bibi husimama na Chloe, kwa hoja kwamba mji hujengwa tena. Na kura zikilingana hupendekezwa apigiwe mjomba aliyeko Mwanza, kwa kuwa ndiye aliyesoma. Simu ya kumpigia ni ileile moja. Mjomba, baada ya salamu zinazomaliza nusu ya salio, huomba asimuliwe tangu mwanzo, salio hukatika kabla hajafikishwa kwenye kimbunga, na mchezo ukifunguliwa upya hurudi nyuma hadi pale ulipojihifadhi mara ya mwisho, wakati ambapo shangazi amekwisha kuhamia kwa Chloe, bibi amehamia mjini, na kura bado zimelingana.