Punda Milia Mwenye Mabawa: Mwongozo wa Kupamba Ndege ya Rimoti

Ndege ya rimoti huhukumiwa mara mbili: mezani na angani. Mezani kuna watu, kuna chai, kuna simu zenye kamera. Angani hakuna mtu; kuna kidoa kinachozidi kupungua na jua linalokuchoma macho. Mtu mwenye busara hupaka rangi kwa ajili ya meza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Anza kwa kuchagua mtindo, na ukatae mitindo rahisi. Piper Cub ya njano yenye mlia mweusi wa radi ubavuni ilitoka kiwandani Lock Haven, Pennsylvania, na leo huikosi popote wanaporusha ndege za rimoti. Njano huonekana vizuri dhidi ya mawingu, mlia ni mmoja, rangi ni mbili, na rubani hujua muda wote ndege yake imeelekea wapi. Nani atakusifu kwa hilo? Fokker ya rubani wa kivita Richthofen ni nyekundu karibu yote. Kopo moja na kazi imekwisha, ila wapo watakaobishana nawe mpaka magharibi kama nyekundu yako ndiyo yenyewe.

Spitfire ya Juni 1944 inashawishi zaidi. Ina milia mitano ya kupokezana, mitatu myeupe na miwili myeusi, kila mmoja inchi 18, iliyopakwa mabawani na kwenye kiwiliwili siku chache kabla ya majeshi kuvuka kwenda Normandy, ili Washirika wasitunguane wenyewe kwa wenyewe. Mafundi wa kijeshi waliipaka mbiombio, wengi wao kwa brashi, na mingi ilitoka imepinda. Hapo ndipo mtego ulipo. Ukiipaka imenyooka, mjuzi atasema umekosea historia. Ukiipaka imepinda, asiye mjuzi atasema mkono wako unatetemeka.

Lakini wewe hutosheki na mitano. Wewe unataka milia mia.

Basi chukua Dornier Do 27 yenye usajili D-ENTE. Mwishoni mwa 1957 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliirusha kutoka Ujerumani hadi Serengeti, wakawa wanahesabu nyumbu, swala na punda milia kutoka angani. Ndege yenyewe ilikuwa na milia ya punda. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, ilitoka 1959 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Michael hakuwahi kuiona tuzo hiyo: tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tumbusi, ikaanguka, akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro, na baadaye majivu ya baba yake yakawekwa hapohapo. Mzaha wa mwongozo huu unakuhusu wewe na pasi utakayobandikia milia, haumhusu Michael.

Ndege halisi ilikuwa na mabawa ya mita 12 kutoka ncha hadi ncha. Gawa kwa sita upate mita mbili, kipimo kizuri kabisa: kubwa kiasi cha kutazamwa, ndogo kiasi cha kuingia kwenye gari ukishavua bawa na kumhamishia mtoto kiti cha mbele.

Sasa milia. Fundi wa haraka huchukua rula, akapiga mistari iliyonyooka yenye upana mmoja, na akimaliza anajikuta na kizuizi cha barabarani chenye propela. Milia ya punda hainyooki. Huanza nene mgongoni, ikashuka ikikonda, mahali ikagawanyika mara mbili kama uma, mahali ikakatika bila sababu. Ubavu wa kulia haufanani na wa kushoto. Kwa hiyo tafuta picha za pande zote mbili, zikuze mpaka zifikie ukubwa wa ndege yako, ziweke karatasi nyepesi juu, ufuatishe kila ukingo kwa penseli, kisha uupe kila mlia namba. Usipoweka namba utakuja kujikuta usiku wa manane umeshika kipande cheusi chenye umbo la ndizi, huna habari kama ni cha shingoni au cha mkiani, na vipo vingine thelathini mezani vinavyofanana nacho.

Utashawishika kuchora ubavu mmoja tu na kuugeuza kwa ajili ya wa pili. Geuza bila wasiwasi. Hakuna atakayegundua, isipokuwa mwamuzi wa mashindano ya ndege-mfano halisi, ambaye kazi yake ni hiyo: unamkabidhi michoro, picha na uthibitisho wa rangi, naye anaanza kulinganisha mlia kwa mlia kabla ndege haijanyanyua hata gurudumu. Umempa mwenyewe ushahidi wa kukufunga.

Rangi yenyewe itatoka wapi? Kama ndege yako ni ya mbao za balsa, huhitaji makopo. Inatosha plastiki ya kufunikia, ile inayouzwa kwa roli, yenye gundi upande mmoja, ambayo hushika kwa joto la pasi na kujikaza joto likiongezeka. Wengi hutumia Oracover ya Ujerumani. Funika ndege yote kwa nyeupe, kisha bandika milia myeusi juu yake. Nyeusi juu ya nyeupe hubaki nyeusi. Nyeupe juu ya nyeusi hugeuka kijivu, nawe utapata punda aliyelala kwenye majivu.

Pasi ndogo maalumu ya kazi hii ipo, ina ncha ya kuingia pembeni na kipimo cha joto cha kuaminika. Lakini pasi ya nyumbani iko karibu zaidi na mwenyewe amekwenda sokoni. Itumie. Gundi kidogo na unyuzi wa plastiki nyeusi vitabaki chini ya pasi, pembeni mwa tundu la mvuke, mahali ambapo jicho halifiki. Jumatatu alfajiri vitahamia kwenye shati jeupe la shule, begani, katika mlia mmoja safi uliopinda vizuri kuliko yote uliyobandika wewe.

Kata milia kwenye kioo, kwa wembe mpya. Najua inavyovutia kuikatia palepale bawani, kwani inakaa sawa na unaona unachofanya. Wembe nao unaona unachofanya: unapenya plastiki nyeupe na kuchora balsa iliyo chini, kando ya ule ubavu wa bawa uliochukua jioni nzima kuunganisha. Bawa lililochanjwa hivyo halionyeshi kitu mezani. Litaonyesha siku utakapoivuta ndege kwa nguvu kutoka kwenye mbizi.

Halafu kuna mapovu. Ukibandika plastiki juu ya plastiki kwa pasi ya moto, hewa iliyonaswa katikati hupanuka, na mlia uliokuwa laini kama hariri unaota vipele. Mwanafunzi huongeza moto. Vipele huungana, vinakuwa jipu. Anayejua kazi hunyunyizia maji yenye sabuni kidogo, akaulaza mlia juu yake, akausogeza mpaka ukae pale penye namba yake, akasukuma maji nje kwa kadi ya plastiki kuanzia katikati kwenda pembeni, akauacha ukauke hadi kesho, ndipo akapitisha pasi ya joto la chini kwenye kingo. Kazi hiyo ni ya polepole na haina fahari yoyote, ndiyo maana wengi tuna ndege zenye ndui.

Wenye ndege za povu watumie rangi ya maji, kwa brashi au bomba la hewa. Wakipenda, wanaweza kuchukua kopo la kupulizia la dukani, lile la magari, na kuinyunyizia polistaireni. Ndani ya dakika chache hawatakuwa na tatizo la rangi tena, kwa sababu hawatakuwa na ndege. Wenye injini ya methanoli nao wajaribu vanishi yao kwanza kwenye kipande cha mbao: wakipake, kikauke, kisha wakidondoshee mafuta ya injini. Ikibaki inanata kidoleni, moshi wa injini utaila mpaka mlia wa nne kutoka puani.

Uzito tuupitie haraka, maana hesabu yake inaharibu furaha. Kila unachoongeza mkiani kinadai malipo puani. Mkia ukiwa mbali mara tatu na kitovu cha uzito kuliko pua, gramu 10 za milia ya mkiani zinataka gramu 30 za risasi mbele. Gramu 10 zako zimeshakuwa 40, na bado hujaandika herufi.

Sasa tufike pale ambapo waandishi wa miongozo huwa hawafiki. Umemaliza. Ndege iko mezani, inang'aa, watu wanaizunguka. Mzee wa klabu, yule mwenye kofia iliyopauka na Cub ya njano isiyo na jina, anakuja polepole.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umefanya kazi, kijana. Hebu irushe.”

Unairusha. Inapanda vizuri. Ikifika kama mita mia moja na hamsini, milia mia inaungana na kuwa rangi moja, ya kijivu, ileile ya wingu lililo nyuma yake. Unakunja kona. Unaona umbo lenye bawa moja refu na kitu kifupi katikati.

“Kijana,” anasema mzee bila kuondoa macho juu, “hiyo inakuja au inakwenda?”

Hilo ndilo swali lote la rangi kwenye ndege ya rimoti. Grzimek hakuwahi kuulizwa, kwa sababu alikuwa ndani. Aliyekaa ndani anajua juu ni wapi na mbele ni wapi hata ndege ikipakwa masizi. Wewe umesimama ardhini, na kila unachojua kuhusu ndege yako kinakuja na rangi pamoja na umbo lake. Ikiwa chini inafanana na juu, hujui imelalia upande upi. Ukikosea, utavuta usukani ukidhani unainua, kumbe unachimba.

Tena milia inajulikana kwa kuharibu utuaji. Mwaka 2019 Tim Caro na wenzake walichapisha utafiti wa inzi wanaong'ata farasi na punda milia nchini Uingereza. Inzi walimsogelea punda milia kama kawaida, lakini walipofika karibu walishindwa kupunguza mwendo inavyotakiwa, wakampita au wakamgonga. Farasi waliovishwa koti lenye milia walipata nafuu ileile. Umenunua roli tatu za plastiki ili uibebeshe ndege yako kinga dhidi ya kutua.

Tiba inajulikana na ni mbaya kwa macho. Maeneo ya rangi yawe makubwa, siyo membamba. Chini ya mabawa pasifanane kabisa na juu. Bawa moja liwe na alama ambayo jingine halina. Kwa punda wetu maana yake ni utepe mpana wa rangi ya chungwa ing'aayo chini ya bawa la kulia, jambo ambalo halimo katika picha yoyote ya Serengeti. Wapo wanaoubandika kwa gundi nyepesi ili waung'oe siku ya mashindano, na wapo wanaouacha, wakasema ni alama ya msimu wa mvua. Hata huo una mpaka wake: ndege ikiingia kati yako na jua, kila rangi ni nyeusi, ya njano sawa na ya punda, na unabaki na kivuli tu. Dawa ya hapo ni kutoirusha upande huo.

Njia ya kupima kabla ya kubandika chochote ni ya bure, ndiyo maana haitumiki. Chora mtindo wako kwenye kadibodi yenye umbo la ndege, uiegemeze kwenye ua, nenda mbali mpaka iwe ndogo kama utakavyoiona angani, kisha ukunje macho. Ukiona milia, umepata. Ukiona kijivu, umeokoa roli tatu na shati moja la shule.

Ndege itatua, tuseme, mara nyingi katika majani marefu, kwa sauti ya kitu kinachochanika. Hapa, kwa mara ya kwanza, mtindo wa punda unakulipa. Mwenye Cub ya njano akitoboa bawa, kiraka chake kitaonekana maisha yote. Wewe unakata kipande cheusi kilichopinda, unakiweka juu ya tundu, pasi ya joto la chini kwenye kingo, basi. Hakuna anayejua. Msimu ukiisha ndege yako itakuwa na milia mingi kuliko ile iliyotoka Ujerumani, mingi zaidi ikiwa puani na kwenye ncha ya bawa la kushoto. Kwa hiyo ukienda dukani nunua roli mbili za nyeusi, na kwa mwamuzi peleka picha za ubavu wa kulia tu.