Miwani ya Boksi

Miwani ya uhalisia pepe ya Apple ilipoingia sokoni Marekani Februari 2024, bei yake ilikuwa dola 3,499. Kwa hela hiyo hapa Mbagala unanunua bodaboda, na chenji inakununulia ya pili. Mimi ninayesoma riwaya za kuazima, tena nikiwa nimening'inia kwenye daladala, nikajua fasihi ya kuvaa usoni, hadithi unazoingia kwa miwani, ni ya wenyewe.

Kumbe ipo miwani ya boksi. Mwaka 2014 Google walitoa Cardboard: karatasi ngumu ya kukunja, lenzi mbili na pahali pa kuchomeka simu. Mwaka uliofuata New York Times wakawagawia wasomaji wao bure maboksi zaidi ya milioni moja. Sisi ambao gazeti hutufikia likiwa limefungia vitumbua, tuliyafuata Kariakoo.

Nikachomeka simu, nikafungua Notes on Blindness, kazi ya uhalisia pepe ya mwaka 2016 iliyotokana na kanda ambazo John Hull, mhadhiri wa Birmingham, alijirekodi baada ya kupofuka. Nikageuza shingo kulia. Picha ikagoma. Nikageuka mwili mzima kama askari wa gwaride. Picha palepale, ila goti langu likakutana na stuli, na chai ya mama mkwe ikakutana na zulia.

"Baba Asha, unatafuta nini ukutani?" mke wangu akauliza.

"Nasoma."

Mama mkwe hakusema neno. Alimtazama tu binti yake, mtazamo wa mtu aliyewahi kushauri asisikilizwe.

Fundi simu wa mtaani ndiye aliyenifumbua macho: "Mzee wangu, simu yako haina jairo." Jairoskopu ni kidude kinachoiambia simu umegeukia wapi, na simu nyingi za bei poa hazinacho. Yaani boksi la bei chee linadai simu ya bei mbaya!

Nikaazima ya shemeji. Hiyo ikageuka vizuri, mpaka jasho la Dar lilipopanda kwenye lenzi nikawa naona ukungu mtupu. Nikalivua boksi, nikabaki na spika za masikioni. Nyayo zikapita, upepo ukavuma, na Hull akaendelea kusimulia jinsi sauti zinavyomjengea dunia asiyoiona. Utamu haukupungua hata chembe. Kwa kweli uliongezeka, maana sasa nilikuwa nimekaa na chai ilikuwa salama.

Katika riwaya yake, Shaaban Robert alitupeleka Kusadikika, nchi iliyo angani, bila betri wala jairo. Neno likiwa limekaa sawa, msomaji huruka mwenyewe. Kifaa kinaongeza raha, lakini kisigeuzwe mlinzi wa getini. Hata hao Google waliacha kuuza boksi lao mwaka 2021; hadithi iliyofungiwa humo tu inabaki bila mlango.

Basi enyi watunzi wa uhalisia pepe, tunawaomba: wekeni na maandishi kamili, wekeni sauti inayosikika kwenye simu yoyote, na mandhari tunayoweza kuyageuza kwa kidole kwenye kivinjari. Zana ya A-Frame, iliyoanzia Mozilla mwaka 2015, inawawezesha kutengeneza mandhari hayo bure. Na mafaili yawe mepesi, tafadhali. Bando letu ni la siku moja.