Nusu ya Mshahara

(Ndani ya kabati, Tabata, Dar es Salaam, mwisho wa mwezi. Kibubu cha mbao, Simu iliyoko kwenye chaji, na Karatasi ya Mshahara.)

SIMU: Babu, umesikia? Bosi wetu katamba kwenye grupu la ukoo: "Mimi nusu ya mshahara naweka akiba ya uzeeni." Mashangazi wamemmiminia maua.

KIBUBU: Nusu ya mshahara upi?

KARATASI: Kwangu imeandikwa milioni moja. Ikishakatwa mchango wa pensheni wa NSSF na kodi, mkononi inamfikia 797,000.

KIBUBU: Basi kagawanya kwa hiyo ya mkononi, ndogo kuliko zote. Na juu kaweka nini?

SIMU: NSSF laki mbili, yake laki na ya mwajiri laki. Kikoba laki. Mfuko wa uwekezaji wa UTT elfu hamsini. Na wewe, babu, elfu hamsini. Laki nne!

KIBUBU: Na mimi? Hebu nitazame misumari. Kitchen party, kaning'oa ubao: sare rangi ya maboga. Sendofu, ubao tena: maboga yaliyoiva. Harusini kamati ikaamua maboga yamepitwa na wakati, sasa ni zambarau. Ubao! Kipaimara cha mtoto wa jirani nacho kina sare, kisa jirani wa jirani kashona. Akifika miaka 60 hatakula akiba yake, ataivaa.

SIMU: Kikoba je?

KIBUBU: Kinavunjwa Desemba. Hela inapanda basi kwenda Moshi, inachinja mbuzi, inarudi Dar kwa nauli ya kukopa. Akiba ya uzeeni ni ile inayobaki mpaka uzeeni. Ikitoka, iondoe kwenye hesabu. Ndiyo maana hupimi kwa mwezi mmoja, unapima kwa mwaka mzima, Januari na ada zake zikiwemo.

KARATASI: UTT aliweka laki sita mwaka mzima, akatoa laki nne za ada.

KIBUBU: Zimebaki laki mbili. NSSF ya mwaka milioni 2.4. Jumla milioni 2.6. Sasa gawanya kwa mapato kabla ya makato.

SIMU: Milioni 12.

KIBUBU: Laki ya mwajiri umeihesabu juu, chini umeificha wapi? Iongeze. Milioni 13.2.

SIMU: Asilimia 19.7. Mbona si mbaya, babu!

KIBUBU: Si mbaya, ila sifa ni za sheria. Ni sheria inayotaka asilimia 20 ya mshahara iende NSSF, apende asipende. Alichoweka kwa hiari yake ni laki mbili. Gawanya.

SIMU: Asilimia... moja na nusu.

KARATASI: Na mkopo wa simu anaodaiwa?

SIMU: Huo tuuache.

KIBUBU: Tuuache kwa nini? Unamdai wewe! Halafu mtu huyohuyo tangu 2018 yuko kijiweni anatukana kikokotoo cha pensheni. Mkupuo, lile fungu analolipwa mstaafu mara moja, ulipokuwa asilimia 33 mwaka 2022 alinuna, ulipopandishwa 2024 alinuna, na mpaka leo hajui kwamba yeye wa NSSF ni 35, ile 40 ni ya waliokuwa zamani wakipata mkupuo wa nusu. Kudai haki ni sawa, mie nitamshikia bango. Lakini mkupuo ni kipande cha kitu, na hicho kitu hajawahi kukipima! Wewe una mashine ya hesabu tumboni, kaifungua lini?

SIMU: Anafungua kamera tu.

KIBUBU: Mnaojitapa mashuleni, maofisini na kwenye magrupu ni wamoja. Mnahesabu kila shilingi iliyoingia na mnasahau kila iliyotoka, mnagawanya kwa mshahara mdogo ili asilimia inenepe. Mnamdanganya nani? Duka la dawa halitauliza asilimia zenu. Chukueni karatasi zenu za mishahara kumi na mbili, mtoe mlichokula, mgawanye kwa mapato yote.

SIMU: Nimwandikie nini kwenye grupu?

KIBUBU: Moja nukta tano.