Barua kutoka Lisbon: Redio Isiyojibiwa

Wa barazani na wa dirishani,

Ami, mwambie mwenye dele asimimine kwanza. Leo nimesimamishwa mbele ya kaburi la Vasco da Gama, nimevikwa redio shingoni, na sina ruhusa ya kusema.

Ziara yenyewe tuliinunua London, mimi na kundi la wastaafu wa Kiingereza. Niliingia kwa kuwa bei yake ilikuwa nusu ya nauli ya kuja nyumbani, na hilo mama asiambiwe. Asubuhi kabla ya kushuka basi, mwongozaji hugawa vidude: kiboksi cha kuning'inia kifuani, waya, na kipande cha kuchomeka sikioni. Yeye ana maikrofoni shavuni. Hapigi kelele, ananong'ona tu, nawe unamsikia katikati ya kichwa. Huwa ametangulia kona mbili, mwavuli wake wa manjano umeshapotelea mbele, lakini sauti ipo palepale: "Kulia kwenu mnaona kazi nzuri ya mawe." Kulia kwangu palikuwa na pipa la taka. Nililitazama kwa heshima zake. Halafu kila kundi lina chaneli yake, na kitufe cha kubadilishia kimewekwa mahali ambapo tumbo la mtu hukigusa lenyewe. Nusu ya kanisa nilitembezwa kwa Kijerumani, nikiitikia kwa kichwa, mpaka bibi mmoja mwenye fimbo akanishika kiboksi akanirudisha kwetu.

Lakini lililonishinda ni jingine. Kidude hiki ni cha kusikiza tu. Yeye anasema, nyinyi mnameza. Hakina kitufe cha "ngoja kwanza" wala cha "wapi hiyo!" Sasa nifikirieni mimi, mtu wa Kibokoni, Mombasa, niliyekulia pale mlangoni pa Ngome ya Wareno, ambapo mtembeza wageni hamalizi sentensi mwenzake hajamkatiza, muuza madafu akamsahihisha mwaka, na mpita njia akaapa kwamba babu yake alikuwepo. Mwajua hata mimi niliwahi kuwatembeza wageni likizo za skuli. Niliwaambia mengi ambayo Mungu anisamehe. Lakini walikuwa na haki ya kunibishia, na wengine walibisha tangu mlangoni mpaka kwenye malipo.

Kaburi liko Belém, katika kanisa la Monasteri ya Jerónimos. Mfalme Manuel I alianza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500, na pesa ilitoka kwenye ushuru wa asilimia 5 wa mali ya Afrika na Mashariki. Mawe yamechongwa kamba za merikebu na mafundo ya mabaharia. Fundi ameiweza kazi, sikatai. Milango ya kwetu Ndia Kuu imepata mwenzake. Vasco amelazwa juu ya jeneza la mawe, ndevu zimepangika, viganja amevikutanisha kifuani anaomba dua. Alikufa Cochin, India, mwaka 1524, akazikwa hukohuko, kisha mifupa ikarudishwa Ureno, na hapa ilihamishiwa mwaka 1880. Hata kufa hakukumtuliza.

Basi sauti ikaanza kichwani mwangu: mwaka 1498, akaizunguka Afrika, akafika Malindi, mfalme akampokea vizuri, akapewa rubani, akavuka kwenda India. Nikangoja. Mvita, Mombasa yetu? Kimya! Tumerukwa kama basi la Malindi la moja kwa moja linavyoiruka Mtwapa. Na huyo bwana kwetu ndiko alikotia nanga kwanza, mwezi wa Aprili. Kumbukumbu za safari waliziandika Wareno wenyewe, na humo wamesema kwamba usiku watu wa Mombasa waliogelea wakaanza kukata kamba ya merikebu iitwayo Berrio, na walinzi waliokuwa juu wakadhani ni jodari. Jodari, ami! Wazee wetu wako majini na visu, mlinzi anawatazama, anawaza kitoweo!

Hadithi hiyo ilikuwa ncha ya ulimi. Nyuma yake ilikuwepo ya Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimsomesha Goa wakambatiza Dom Jerónimo, jina lilelile la nyumba hii, akarudi Mvita, na mwaka 1631 akawageukia na kuiteka Ngome. Na nyuma yake mwaka 1698, waliponyang'anywa Ngome, ulikuwa umesimama foleni. Kidude hakina pa kuzipitishia. Nikainua mkono. Mwongozaji akaniona, akatabasamu, akaninong'oneza sikioni, na masikioni mwa kundi zima, kwamba choo kiko nje, kushoto, senti hamsini.

Wastaafu wote wakanitazama kwa huruma. Mmoja akanipa sarafu. Nikaenda, maana ningefanyaje?

Kutoka hapo tukapelekwa mtoni, kwenye mnara mrefu wa mwaka 1960 wa kuwasifu mabaharia wao. Chini yake kuna ramani kubwa ya dunia ya marumaru, zawadi ya Afrika Kusini ya enzi hizo. Watu husimama juu ya bara wakila aiskrimu. Nikaitafuta pwani yetu niione walau kwa jiwe, nikakuta bibi mwenye fimbo amesimama juu yake. Sikuweza kumwondoa, ndiye aliyeniokoa kwa Wajerumani.

Alasiri ilikuwa zamu ya Alfama, mtaa mkongwe uliosalimika tetemeko la mwaka 1755. Hapo, wallahi, nilichomoa kidude bila kuagizwa. Vichochoro havipitishi watu wawili wenye vikapu, paka wamelala katikati ya njia, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu, na wanawake wawili, kila mmoja dirishani kwake, wanazungumza juu kwa juu habari za wa tatu. Kireno sikijui lakini mkasa nilikuwa naufuata. Mahali fulani samaki alikuwa akichomwa. Nilisimama nikaona kitambo kimepita, na nilipogeuka kundi limeshapanda ngazi zote za mlimani, wazee wa miaka themanini, na mimi wa kisiwa kisicho na mlima nikawafuata ulimi nje.

Ziara ikaishia dukani, kwenye pochi na kofia za gamba la ule mti wa vizibo. "Dakika kumi tu, hamlazimiki kununua." Nikamtazama mwongozaji, akanitazama. Watu wa kazi moja hujuana. Nikanunua pochi, nisimharibie kamisheni.

Sasa ujumbe kwa vijana wa Ngomeni. Wakija watu kuwauzia redio za shingoni, waambieni soko halipo. Na Mreno akiingia, msimuanzie na mizinga wala mwaka 1593 wa kujengwa Ngome. Muanzieni na jodari, kisha mwacheni abishe.

Na yule anayekuja London mwisho wa mwezi apewe achari ya embe na mabuyu. Siyo yale ya pakiti.