Sifa za Bawabu Mkorofi

Barua pepe imeshushwa hadhi. Mtu anaifungua kwa kidole gumba ndani ya daladala, anaisoma nusu, anaifuta, na wala hajatoka jasho. Jambo hilo linaniudhi, ndiyo maana nimekuja kumsifu Gnus, msomaji wa barua anayeishi ndani ya Emacs, kihariri cha matini wanachokipenda waandishi wa programu. Huyu ni bawabu wa kweli: hajawahi kumpitisha mtu mlangoni bila kumuuliza maswali kumi, tena kwa Kilisp.

Anayesifiwa hutajiwa ukoo. Emacs ilianza mwaka 1976 kwenye maabara ya MIT, Marekani, na mwaka 1985 Richard Stallman akaitoa ile ya GNU, mradi wake wa programu huria. Ilikuwa ya kuandikia maandishi, basi. Ila ilibeba lugha nzima ya Lisp tumboni, na kwa lugha hiyo watu wakaongezea kalenda, michezo, hata daktari wa nafsi. Masanobu Umeda wa Japani akaongezea GNUS, ya kusomea vikundi vya habari vya Usenet. Miaka ya tisini Lars Magne Ingebrigtsen wa Norway akaiandika yote upya. Barua pepe Gnus alifundishwa ukubwani. Moyoni amebaki msoma magazeti, na gazeti la jana lina kazi gani?

Hapo ndipo ilipo fadhila yake kuu. Umesoma barua ya bosi, umetoka kwenye kikundi ilimohifadhiwa, umerudi: haipo. Wenye roho nyepesi hupiga kelele kwamba imefutwa. Haijafutwa. Imefichwa tu, kwa sababu Gnus anaamini kwamba aliyesoma amesoma, na mtu mzima harudii kusoma kitu kama aliyekosa cha kufanya. Ukitaka barua ikae mbele yako, ibandike alama ya mshangao kabla hujatoka. Hukujua? Sasa umejua, na barua za bosi hutazisoma tena kwa haraka.

Lakini utukufu wenyewe uko kwenye uchujaji. Tuseme umejiunga na emacs-devel, orodha ya barua ambamo watengenezaji wa Emacs hubishana mchana na usiku, kila mmoja akiwa kwenye majira yake ya saa. Barua zao zinaingia kwa mafungu, zinafunika kila kitu. Kwa bahati nzuri orodha kama hizo hutia kwenye vichwa vya barua zao mstari uitwao List-Id, ambao umekuwa na kanuni rasmi tangu mwaka 2001. Kazi yako ni kumwambia Gnus kwamba kila barua yenye mstari huo aitenge kwenye kikundi chake. Unafungua faili la usanidi, unaandika:

"^List-Id:.*emacs-devel\\.gnu\\.org"

Tazama ile mikwaju iliyolalia nyuma, jinsi ilivyojipanga miwili miwili. Nukta katika lugha hii ya ruwaza si nukta; maana yake ni herufi yoyote ile. Ili iwe nukta, iwekee mkwaju mbele. Lakini Lisp nayo ina mambo yake na mkwaju, kwa hiyo mkwaju nao unahitaji mkwaju. Ukiweka mmoja tu, Lisp inaumeza kimyakimya na nukta yako inabaki uchi. Sasa raha yenyewe ni hii: kanuni itafanya kazi vilevile! Kwani nukta nayo ni herufi yoyote. Utaishi na kosa hilo miaka, ukilitumia kila siku, ukiwafundisha wenzako. Ni programu gani ya simu inayoweza kukupa siri ya namna hiyo?

Wapo wanaochujia kwenye seva kwa Sieve, lugha iliyobuniwa makusudi bila mizunguko ili kanuni ya mtu mmoja isije ikaikwamisha seva nzima. Nawaheshimu, ila sijui wanajivunia nini. Kichujio kisichoweza kukukwamisha hakijakuamini.

Mwisho wa kanuni zote huja ile ya kufagia: jina mail.misc, likifuatwa na alama za nukuu zisizo na kitu ndani. Kila barua iliyokosa kwao inaangukia hapo. Na nani hukosa kwao? Orodha zina List-Id. Matangazo yana anwani ya kujiondoa. Mama hana List-Id. Shangazi anayetuma picha za harusi hana. Rafiki wa shule aliyekukumbuka baada ya miaka hana. Kadiri kanuni zako zinavyozidi kuwa kali, ndivyo wageni wa mbali wanavyopata vyumba vyao vyenye majina mlangoni, na ndugu wa damu wanalala ukumbini pamoja na mabaki. Ukitaka kumpa mama chumba itabidi umwandikie ruwaza, na usisahau mikwaju.

Halafu kuna alama. Gnus hukuruhusu kumpa mwandishi alama chini ya sifuri, na tangu hapo barua zake zinaingia zikiwa zimekwisha kuhesabiwa kuwa umezisoma. Ukitaka hasira ya muda, ipo: isipoguswa siku 7, inafutika yenyewe. Isipoguswa, nasema. Mwenye kosa akituma barua nyingine kabla ya hapo, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Sijaona mahali pengine popote kwenye kompyuta ambapo kinyongo cha binadamu kimeeleweka kwa undani kiasi hicho. Mtu mwenyewe hajui lolote. Anaendelea kuandika kwa adabu, na kila salamu anayotuma inamwongezea wiki.

Nisimalize bila kumsifu kwa mapumziko anayotoa. Ukibonyeza g ili alete barua mpya, mara nyingi Emacs nzima husimama mpaka azilete. Huandiki, husahihishi, huhamishi hata kielekezi, na seva ikiwa ng'ambo na mtandao wa kuvizia, unapata muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Kuna njia ya kumkatiza, C-g, lakini waliomzoea hawaitumii. Wanakaa wakiangalia mstari wa chini ukisema anachosoma, na akimaliza wanaingia moja kwa moja kwenye faili la usanidi, maana wameona barua imeingia kikundi kisicho chake. Barua zenyewe watazisoma kesho.