Konji ni Ruhusa, Kupumua Je?

Hapa Rusizi, mkabala na Bukavu, maneno huvuka mpaka bila pasipoti. Mfanyakazi huomba "konji", neno la Kifaransa lenye asili ya Kilatini: ruhusa ya askari kutoka kambini. Wajerumani, waliotawala Rwanda kabla ya Wabelgiji, husema Urlaub, nayo ni ruhusa. Livu ya Waingereza ni ruhusa tena! Vakansi ndiyo kweli tupu: imetokana na "kuwa tupu", kama mfuko wa mwalimu shule zikifunguliwa. Mtasema maneno ni maneno tu, hakuna anayewaza Roma akijaza fomu. Sawa, lakini mbona fomu yenyewe bado ina nafasi ya sahihi ya mkubwa? Kinyarwanda husema ikiruhuko, Kiswahili mapumziko, ndugu wa pumzi. Humo hamna bosi. Nanyi mtakaosema basi wenyeji tuna raha, mwulizeni mkulima wa mpunga wa Bugarama: neno analo, siku hana. Basi, ndugu msomaji, konji iombe. Pumzi usiiombee sahihi.