Nani Kama Manyunyu

Wengine na wasifu jua, wasifu mwezi. Mimi leo nayasifu manyunyu ya London, yasiyo mvua wala ukungu, yanayomlowesha mtu kwa adabu, taratibu, mpaka soksi.

Msidhani mvua siijui. Mimi wa Dar. Masika yakikolea, Jangwani hapapitiki. Mvua yetu ni jambazi: inavamia, inavunja, inaondoka. Manyunyu ya London ni mgeni aliyepita kusalimia tu saa tatu asubuhi, na magharibi bado yumo sebuleni, hajaaga. Uungwana ulioje!

Siku moja nilikusudia kupiga picha na sanamu za simba wanne wa Trafalgar Square, niwatumie wa nyumbani. Mwavuli wangu mpya ukapinduliwa na upepo wa kwanza, ukawa dishi la televisheni. Hapo manyunyu yakanishika mkono, yakanivusha uwanja, yakaniingiza National Gallery, jumba la picha. Bure, bila kiingilio! Nionyesheni mtembeza watalii mwenye huruma hiyo.

Viatu vikilia kwichi kwichi, nikatokea mbele ya picha ya mchoraji Turner ya mwaka 1844: treni inavuka daraja la Maidenhead juu ya mto Thames, katikati ya mvua na mvuke. Nimeikimbia mvua nje, naikuta ndani, tena ina fremu na mlinzi! Turner hakuichora kwa mistari. Ameipaka kote, manjano na kijivu, mpaka mto na mbingu havijulikani mpaka wake. Nikayatambua: manyunyu yale yale.

Na mbele ya treni, ukikazia macho, yupo sungura anakimbia. Amefifia mno. Wenye miavuli mizima walimpita. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, soksi nimezivua kwa siri zikauke, haraka sina, nikamwona. Sungura! Aliyemlaghai fisi, akamlaghai simba, leo kakutana na treni darajani, na pa kuchepukia hapana. Nilikaa saa nzima nikimhurumia.

Jumba lile lilianza mwaka 1824 na picha 38. Sasa zimepita 2,300. Mimi niliona moja.

Nilipotoka, jua lilikuwa linawaka, nikajiona yatima. Basi nikapiga picha na simba, nikaituma. Mama akajibu pale pale: “Mwanangu, hiyo soksi mkononi ni ya nini?”